Mwaka Nilipoonja Uji wa Saida

Khamisa alinipigia simu asubuhi, nikiwa natoka misa Ediofe, akaniambia kwamba Mama Saida ametutoka na watu wameanza kukusanyika. Hakuniambia nije. Aliniuliza tu kama magoti yangu bado yananisumbua, nami nikamjibu kwamba magoti yangu hayajawahi kunizuia kwenda Koboko. Mtu mwingine angeona simu ile ni ya kawaida. Saida na Khamisa ni wake wa mume mmoja, na mke mwenza kutangaza kifo cha mama wa mwenzake si ajabu. Lakini mimi nilikaa kwenye benchi la nje ya kanisa nikalia vizuri, kwa sababu kuna mwaka ambao mama huyo alimwapia Khamisa mbele yangu kwamba binti yake akifa, Khamisa hatalala tena Koboko akiwa mzima. Na wote tulijua kwamba hayo hayakuwa maneno tu. Wakati huo mimi nilikuwa nimesimama kizingitini katikati yao, nimeshika jagi la uji, na nilikuwa kijana kuliko wote waliokuwapo.

Ulikuwa mwaka wa watu kurudi. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho, na wale waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya sabini na tisa walikuwa wakifyeka vichaka vilivyoota ndani ya nyumba zao. Kila kona ya Koboko ilinuka nyasi mpya za kuezekea. Mimi nilikuwa nesi mpya, Mlugbara, Mkatoliki kutoka Dadamu, nimeletwa kwenye hospitali ndogo ya mji wa Wakakwa, Waislamu wengi, familia za watu waliowahi kuvaa sare za jeshi. Shangazi yangu alilia siku nilipoondoka kana kwamba napelekwa mbali sana. Mimi sikulia. Nilikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, saa ya kubana kifuani, na kichwa kigumu, na niliona vitu hivyo vitatu vinanitosha. Nikitazama nyuma, naona kichwa ndicho kilichofanya kazi kubwa zaidi.

Saida aliletwa juu ya baiskeli, amefungwa kwa khanga mgongoni mwa shemeji yake asianguke. Meno yalikuwa yamebana. Midomo ilikuwa imevutwa pembeni kama mtu anayecheka bila furaha, na kila mlango ulipobamizwa, mgongo wake ulipinda mpaka kisogo na visigino tu ndivyo vilivyogusa kitanda. Daktari wetu, ambaye kwa cheti alikuwa medikali asistanti lakini mji mzima ulimwita daktari, alimtazama mara moja akasema pepopunda. Mimi nilitafuta jeraha nikalipata kwenye kisigino, limeshafunga, alipokanyaga jembe la zamani walipokuwa wakifyeka kiwanja. Nilimwonyesha mama yake, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliinyamazia. Alilitazama kovu lile akanitazama mimi. Akasema kwamba yeye amezaa, amezika, amekaa ukimbizini, na hajaona mtu anayefungwa mdomo na jembe. Aliyefungwa mdomo namna ile ni mtu aliyelishwa kitu. Na chakula cha mwisho Saida alichokula kabla ya taya kushika kilikuwa enyasa, ugali wetu wa muhogo, na majani ya kunde yaliyotiwa karanga, na kilipikwa na Khamisa.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima nimweleze hapa. Kwetu West Nile, sumu si hadithi ya kutishia watoto. Watu wanaikubali kama wanavyoikubali malaria. Ndiyo maana anayekupa pombe hunywa yeye kwanza, anayekupa uji huupeleka mdomoni mwake kwanza, ukaona koo lake linapanda na kushuka, ndipo unapokea. Halisemwi neno. Hakuna anayejisikia vibaya, ni adabu tu kama kunawa mikono. Lakini mtu akishatajwa kuwa ni wa sumu, hakuna kuonja kunakomsafisha. Nyumba yake itachomwa, au atafukuzwa usiku kucha mpaka mpakani, au itakuwa mbaya zaidi ya hapo. Khamisa alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alikuja hospitali nyuma ya baiskeli ile kwa miguu, akakaa chini ya bati la wapishi ambako jamaa za wagonjwa huwasha moto, na hakuna aliyekaa karibu naye.

Mgonjwa wa pepopunda hawezi kutafuna, lakini misuli ile inayokaza na kulegea inamaliza nguvu zake mchana na usiku, na asipolishwa atakufa kwa njaa kabla ugonjwa haujamwachia. Nikampa dawa ya kumtuliza, nikasubiri alegee. Nikapima mpira wa kulishia kutoka puani hadi sikioni, kutoka sikioni hadi chini ya kidari, nikaupaka mafuta laini, nikaupitisha puani taratibu huku nikimwambia sikioni kila ninachofanya, kwa sababu mtu wa pepopunda anasikia yote. Nikavuta kwa bomba la sindano mpaka maji ya tumbo yakaja, nikayaweka kwenye karatasi ya buluu ya kupimia asidi ikageuka nyekundu. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu siku ile, na bado nawaambia wasimimine hata tone kabla ya kuona kitu kutoka tumboni. Mkono wangu haukutetemeka. Nasema hivyo bila aibu, maana wa wengine hutetemeka na wanakuwa manesi wazuri baadaye.

Nikaleta jagi la maziwa ya unga yenye sukari na mafuta kidogo. Mama Saida akasimama mbele ya kitanda. Chumba kilikuwa na giza, tumetundika blanketi dirishani, na bawaba za mlango nilikuwa nimezipaka mafuta ya kupikia zisilie, kwa sababu sauti yoyote ingemkunja mgonjwa. Kwa hiyo ugomvi wetu wote wa ndani ya chumba kile, hata ule mkali kabisa, tuliugombana kwa kunong'ona.

"Sista," akasema, "iko nini ndani ya hii?"

Nikamwambia. Akauliza kwa nini chakula kimefunikwa. Nikamwambia nzi. Akauliza kwa nini kinapita puani, mahali ambapo mtu hawezi kusikia utamu wala uchungu, hawezi kutema. Hapo nikaelewa kwamba kwake mpira ule ulikuwa njia nzuri ya kumalizia kazi iliyoanza. Mdomo ni mlango wenye mlinzi, mimi nilikuwa napitia dirishani. Ningeweza kumweleza habari za vijidudu mpaka jioni. Badala yake nilimimina maziwa kwenye kikombe cha bati, nikanywa yote mbele yake, nikafungua mdomo nimwonyeshe.

Alitazama koo langu. Kisha akasogea pembeni, na mimi nikainua kichwa cha kitanda kwa matofali, nikashika bomba juu, nikaacha maziwa yashuke yenyewe bila kuyasukuma. Saida alifumba macho. Sijui kama ni dawa au ni maziwa, lakini uso wake ulipungua ukali kidogo.

Daktari aliposikia aliniita ofisini. Alisema nesi hali chakula cha wagonjwa, na kwamba nikianza hivyo kesho nitatakiwa kumeza na vidonge vyao. Nilimjibu kwamba vidonge hakuna aliyeniomba, na kwamba nikiacha kuonja, mama yule atamfunga binti yake tena kwenye baiskeli na atakufa barabarani, na baada ya mazishi hayo kutakuwa na mazishi mengine. Alikuwa mtu mwenye haraka lakini si mbaya. Akasema haya, ila nikinenepa nisimwombe gauni jipya. Nilinenepa, na gauni sikumwomba.

Maziwa ya unga hayakutosha, na mtu haishi kwa maziwa peke yake. Nilihitaji uji mwepesi wa wimbi, uliochujwa mara nyingi kiasi cha kupita kwenye mpira bila kuuziba, na uliotiwa karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini kabisa. Kati ya wanawake wote waliokuwa chini ya bati lile, mmoja tu ndiye aliyekuwa na mkono wa kusaga hivyo, na ndiye aliyekaa peke yake. Nilimwendea Khamisa nikamwambia ninachotaka. Alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Akauliza mpira una unene gani, nikamwonyesha kipande cha zamani, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga, akasema ataweza. Nilimwambia pia kwamba itabidi nionje kila mara mbele ya watu. Akasema, "Sista, wewe onja. Mimi nitaonja pia. Hata kama wanataka nilambe sufuria, nitalamba."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hivyo ndivyo ilivyotaka kutuharibikia. Khamisa alionja jikoni, mimi nikaonja chumbani. Ndugu za Khamisa wakaja kutoka kwao, wakasema na wao wataonja, isije ikasemwa ukoo wao unaogopa uji wao wenyewe. Ndugu za Saida wakasema kama upande ule unaonja, upande huu utaonekanaje ukikaa kimya. Wakapanga mstari mlangoni, kimya kabisa, wanaume wazima wenye kanzu, kila mmoja anachukua kikombe cha bati, anakunywa, anafungua mdomo, anamwachia mwingine. Ulikuwa uji mtamu, sitadanganya. Mimi nilikuwa nashangaa kwa nini Saida anazidi kukonda wakati karatasi yangu ya kuandikia milo inaonyesha analishwa vizuri, mpaka siku moja nilipotazama jagi kabla sijamimina nikaona uji umebaki chini kabisa. Jamaa walikuwa wanamlinda Saida asife kwa sumu, na huku wanamlia chakula chake.

Nilitoka nao wote nje, mbali na dirisha, na kwa mara ya kwanza nikapandisha sauti. Nikawaambia kwamba kuanzia hapo anayemlisha mgonjwa ndiye anayeonja, basi. Mwingine yeyote mwenye njaa aende sokoni. Mzee mmoja wa upande wa Khamisa akacheka, na wa upande wa Saida naye akacheka, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa pande zile mbili kucheka pamoja tangu mgonjwa aletwe. Mama Saida hakucheka. Lakini kesho yake alikuja yeye mwenyewe kuosha jagi.

Sasa nikiwa nimestaafu, wanafunzi wangu wa zamani wakija kunisalimu hucheka habari ya kuonja. Mimi huwaambia wacheke wakimaliza kusikiliza. Kwa kuonja nilijua uji umepoa kiasi gani, kwa maana wa moto huunguza tumbo na wa baridi hulikaza. Nilijua siku wimbi lilipoanza kuchacha kabla pua haijajua. Nilijua siku Khamisa alipokuwa amechoka, kwa sababu chembe zilibaki ulimini, nikaurudisha uchujwe upya. Na kila baada ya kulisha nilipitisha maji yaliyochemka kwenye mpira, nikamsafisha Saida mdomo kwa pamba, nikambadilishia tundu la pua lilipoanza kuwa jekundu. Mama yake alikuwa anaangalia vidole vyangu. Siku moja nilimkuta anamsafisha binti yake midomo kwa namna ileile, kutoka ndani kuja nje, wala hakuna aliyemwambia.

Lakini Khamisa alikuwa bado hajaruhusiwa kuvuka kizingiti. Alileta jagi mlangoni, akaliweka chini, akarudi motoni. Mume wao, aliyekuwa na biashara upande wa Zaire, alikuja mara moja tu, akamtazama Saida, akanong'onezana na wazee. Nilikuwa nakunja mashuka nyuma ya pazia nikamsikia akisema kwamba yeye hasemi neno sasa hivi, anangoja tu aone Mungu ataamua nini kitandani pale. Khamisa naye alisikia, maana alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alipoleta uji jioni ile macho yalikuwa yamevimba, na uji ulikuwa laini kuliko siku zote.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama. Wote walifunga isipokuwa mgonjwa, na mchana ikawa ni mimi tu, Mkatoliki, mwenye haki ya kumeza. Jambo hilo halikusumbua kwa sababu nilikuwapo. Hadi siku ambayo mpira wetu wa akiba ulikwisha na maziwa yakawa yamebaki vumbi la mwisho wa kopo, ikabidi niende Arua kuvichukua. Niliondoka asubuhi, baada ya kuonja na kumlisha. Nilimwacha Saida kwa mwenzangu Juma, nesi mwangalifu sana, nikategemea kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lori lililonirudisha likazama kwenye tope, na sisi abiria tukalisukuma mpaka nguo zetu zote zikawa rangi moja.

Nilifika jua limeshaanza kuinama, nimebeba boksi kichwani. Nilivua viatu mlangoni kama kawaida yetu, na nikiwa nimeinama nikasikia wananong'ona ndani. Juma alikuwa amejaribu mchana, mama akakataa, kwa kuwa hakuna aliyeonja. Saa zilikuwa zimepita. Saida alikuwa ameanza kukazika tena mikono, midomo imekauka. Juma alisema ataweka uji ulimini kisha ateme, kwamba hilo halivunji saumu.

"Sumu hapana kaa kwa ulimi," Mama Saida akasema. "Sumu iko kwa tumbo."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya chumba kile. Ilikuwa ya Khamisa. Alikuwa amevuka kizingiti na jagi lake.

"Mama, mimi nakunywa. Hii siku moja ya saumu, mimi nitalipa baadaye. Saida hapana ngoja tena."

Nilikuwa na mkono kwenye mlango. Ningeweza kuingia na nguo zangu za tope, kuchukua kikombe, kumaliza shauri. Sikuingia. Mpaka leo sijui nilijuaje kwamba hapo si pangu, lakini nilijua vizuri sana. Kupitia upenyo nilimwona Khamisa amemimina kikombe na anakiinua, tumbo lake kubwa limemtangulia, mkono umetulia. Kikombe kilipofika midomoni, Mama Saida akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono.

"Wacha," akasema. "Saumu yako usiharibu. Mimina."

Khamisa hakuelewa, au alielewa akaogopa kuelewa. Mama akarudia neno lile la mwisho. Juma akavuta kwa bomba, akaangalia karatasi, akaitikia kwa kichwa kwamba mpira uko mahali pake. Mama mwenyewe akainua kichwa cha binti yake, na Khamisa akamimina, kidogo kidogo, na uji ukashuka bila mtu yeyote duniani kuuonja. Nilikaa chini nje ya mlango na boksi langu mapajani. Nilikuwa nimeshalisha wagonjwa wengi na nimelisha wengi zaidi baadaye, lakini nikiulizwa ni mlo gani ninaojivunia, ni ule ambao sikuugusa.

Taya la Saida lilifunguka kabla ya Idi, kwanza upana wa kidole, kisha wa kijiko. Alipoweza kusema sawasawa, wazee walimwuliza walichotaka kumwuliza, naye akawaambia kwamba siku ile alikula sahani moja na Khamisa, mkono kwa mkono, na kisigino kilikuwa kinamuuma tangu wiki iliyotangulia. Walishangaa kwa nini hakusema. Akawajibu kwamba alikuwa anasema, ila wao walikuwa nje ya meno yake. Siku ya Idi nilitoa mpira. Alikula wali kidogo na mchuzi, akapaliwa, akacheka, na hakuna mgongo uliopinda. Khamisa alijifungua msichana, wakampa jina langu, Ayikoru, jina la Kilugbara ndani ya nyumba ya Wakakwa, na wazee wakalitamka vibaya kwa upendo.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu nilipoingia uani kwao juzi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Saida, ambaye sasa ana wajukuu na mwili wa kujaza mlango, alinikumbatia. Khamisa alinipeleka ndani, kwenye chumba alimofia mama. Blanketi lilikuwa limetundikwa dirishani. Juu ya meza palikuwa na bomba la kulishia, kikombe cha bati, na kitambaa cha kuchujia kimekunjwa. Nikamtazama. Akaniambia kwamba koo la mama lilikuwa limefungwa na uvimbe, hospitali ikamweka mpira na kumrudisha nyumbani, na ni yeye aliyekuwa anamlisha, kwa sababu mama alikataa mkono mwingine wowote, hata wa Saida. Uji wa wimbi, uliochujwa. Nilimwuliza kama alikuwa anapitisha maji baada ya kulisha. Akanitazama kama namtukana.

Halafu nikamwuliza lile nililotaka kuuliza kweli.

"Siku ya kwanza nilitaka kuonja," Khamisa akasema. "Sauti yake ilishakwisha, Sista. Lakini alinishika hapa."

Akanionyesha kifundo cha mkono. Kisha akatoka, akaniletea uji, akanipa bila kuuonja. Niliupokea kwa mikono miwili, nikanywa.